DUARA LA HELA ZA DUKA: JINSI YA KUBADILI ASILIMIA KUWA NYUZI BILA KUJIDANGANYA

Leo shika kalamu, daftari lako la mauzo na simu yenye kalkuleta. Tunaongelea grafu ya duara, ile inayokatwa vipande kama chapati. Wengi tuliifanya kwenye hisabati tukaiacha shuleni pamoja na madawati. Lakini kama una duka, genge, banda la chipsi au mzigo wa vitenge, hii kitu ina kazi. Daftari lenye kurasa arobaini za namba, mwenzako wa nyumbani hatalisoma. Mshirika uliyechanga naye mtaji hatalisoma. Hata wewe mwenyewe ikifika saa nne usiku umechoka, hulisomi. Ila duara moja kwenye karatasi ya manila nyuma ya kaunta, kila mtu analielewa.

Shida ni kwamba duara likichorwa vibaya linadanganya kuliko daftari. Kuna watu wanakula mtaji kila mwezi kwa sababu ya kipande kimoja cha faida kilichochorwa kikubwa kuliko kilivyo. Tutafika huko. Kwanza hesabu yenyewe.

Duara zima lina nyuzi 360. Hela zote unazotaka kuzigawa ni asilimia 100. Kwa hiyo asilimia 100 na nyuzi 360 ni kitu kilekile. Gawa 360 kwa 100, unapata 3.6. Yaani asilimia 1 ni nyuzi 3.6. Ukitaka kutoka asilimia kwenda nyuzi, zidisha kwa 3.6. Ukitaka kurudi kutoka nyuzi kwenda asilimia, gawa kwa 3.6. Kanuni ndo hiyo.

Kichwani unaweza kuipiga hivi: asilimia 10 ni nyuzi 36, asilimia 5 ni nyuzi 18. Sasa asilimia 35 ni ngapi? Ni 36 mara tatu, yaani 108, ongeza 18 ya ile asilimia 5, inakuwa nyuzi 126. Asilimia 25 ni robo, nyuzi 90. Asilimia 50 ni nusu, nyuzi 180. Ukizoea hizo, kalkuleta utaitoa kwa namba mbaya tu kama asilimia 13, ambayo ni nyuzi 46.8, na hapo unachora 47.

Kwa nini 360 na siyo 100 au 1,000? Inatoka kwa watu wa zamani sana wa Babeli, Iraki ya leo, waliokuwa wanahesabu kwa sitini sitini. Dakika 60 za saa zimetoka hukohuko. Na kwa mfanyabiashara namba 360 ni tamu kwa sababu inagawanyika kirahisi: kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10, 12, na bado zipo nyingine. Asilimia 100 ukiigawa kwa watu watatu unapata 33.333 isiyoisha. Nyuzi 360 ukizigawa kwa watatu kila mmoja ana 120, safi kabisa.

Hapo kuna njia ya mkato ambayo naipenda kuliko ile ya asilimia. Ruka asilimia. Chukua hela ya kipande, gawa kwa jumla ya hela zote, zidisha kwa 360. Mfano, watu watatu wamechanga mtaji wa kufungua duka la vifaa vya simu. Mmoja katoa 500,000, wa pili 400,000, wa tatu 300,000. Jumla 1,200,000. Kwa asilimia utapata 41.67, 33.33 na 25, namba za kuumiza kichwa na za kuanzisha ubishi siku ya kugawana. Kwa nyuzi ni 150, 120 na 90. Jumlisha uone: 360 kamili. Mkichora hilo duara siku ya kwanza na kila mtu akasaini chini yake, mtakuwa mmeokoa urafiki.

Sasa tulete duka la rejareja, la Mangi wa mtaani. Wiki moja limeuza 600,000. Unga, mchele na sukari vimeleta 240,000. Sabuni na vitu vya usafi 120,000. Mafuta ya kula 90,000. Soda, maji na juisi 90,000. Biskuti, pipi na vidogovidogo 60,000. Ukitumia njia ya mkato utaona kila 10,000 ni nyuzi 6. Basi:

Unga, mchele, sukari: asilimia 40, nyuzi 144
Sabuni na usafi: asilimia 20, nyuzi 72
Mafuta: asilimia 15, nyuzi 54
Vinywaji: asilimia 15, nyuzi 54
Biskuti na vidogovidogo: asilimia 10, nyuzi 36

Jumla nyuzi 360. Ukipata 359 au 361 usiogope, ni ile kukata desimali. Ongeza au punguza moja kwenye kipande kikubwa, hakuna atakayeiona. Ukipata 340 hapo kuna bidhaa umeisahau.

Watu wengi wakishafika hapo wanaweka kalamu chini. Wanaona unga na sukari vimechukua sehemu kubwa, wanasema hii ndo biashara yangu, wanaongeza mzigo wa sukari. Subiri. Hilo ni duara la mauzo. Chora la pili pembeni yake, la faida ya wiki ileile, yaani bei ya kuuzia toa bei ya kununulia. Tuseme faida yote ni 90,000. Unga, mchele na sukari 18,000. Sabuni 27,000. Mafuta 9,000. Vinywaji 18,000. Biskuti na pipi 18,000. Hapa kila 1,000 ni nyuzi 4, kwa hiyo vipande ni 72, 108, 36, 72 na 72.

Angalia kilichotokea. Unga na sukari vilikuwa na nyuzi 144 kwenye mauzo, kwenye faida vina 72, nusu yake. Biskuti na pipi, vile unavyovidharau vimening'inia juu pale, vimetoka 36 hadi 72. Vinalingana faida na magunia yote yaliyokujaza duka. Hiyo taarifa ilikuwepo kwenye daftari siku zote, ila haikuonekana.

Usikimbilie kuacha kuuza sukari lakini. Mama anayekuja kuchukua nusu kilo ya sukari ndo huyohuyo anaondoka na kipande cha sabuni na biskuti za mtoto. Duara halijui nani kamleta nani dukani. Wewe unajua, kwa hiyo hapo tumia akili yako.

Haya, sasa tuje kwenye lile la kula mtaji.

Kabla hujazidisha chochote kwa 3.6, jiulize: asilimia ya nini? Duara zima ni nini? Wafanyabiashara tunapenda kusema "mimi naweka asilimia 25". Tunamaanisha umenunua kitenge 8,000, umeongeza robo yake, 2,000, unauza 10,000. Ni kweli, 2,000 ni asilimia 25 ya 8,000. Lakini duara la mauzo siyo 8,000. Duara la mauzo ni 10,000, hela iliyoingia mkononi. Na 2,000 kwenye 10,000 ni asilimia 20. Kwa hiyo kipande cha faida ni nyuzi 72. Ukichora nyuzi 90 kwa sababu mdomoni unasema 25, umejiongezea nyuzi 18 za hewa.

Nyuzi 18 ni asilimia 5 ya mauzo. Inaonekana ndogo. Chukua dada anayeuza vitenge vya 1,200,000 kwa mwezi. Yeye anajua faida yake ni asilimia 25, basi kila mwisho wa mwezi anatoa 300,000: kodi ya fremu, marejesho ya kikundi, ada ya mtoto, kula. Faida yake ya kweli ni asilimia 20, yaani 240,000. Ile 60,000 inatoka wapi? Inatoka kwenye hela ya kununulia mzigo. Mwezi wa kwanza haonekani mtu aliyeibiwa. Miezi sita imeondoka 360,000. Anaenda kufunga mzigo anashangaa hela haitoshi idadi ileile ya vitenge, anasema vitu vimepanda bei. Inawezekana vimepanda kweli, lakini hata visingepanda hela ingepungua tu. Mwingine anamshuku binti aliyemwajiri. Binti wa watu anafukuzwa kazi kwa kosa la duara.

Kwa hiyo shika hii. Asilimia unayoongeza juu ya bei ya kununulia, ukitaka kuipeleka kwenye duara la mauzo, igawe kwanza kwa 100 jumlisha hiyo asilimia yenyewe, halafu zidisha kwa 360. Unaongeza 25? 25 gawa kwa 125 zidisha 360, unapata 72. Unaongeza 20? 20 kwa 120, nyuzi 60. Unaongeza 50? 50 kwa 150, nyuzi 120. Unaongeza 100, yaani unauza mara mbili ya ulivyonunua, kipande chako ni nyuzi 180, nusu ya duara. Wapo wanaodhani ukiweka asilimia 100 basi duara lote ni faida. Haiwezekani, mzigo haukuokotwa.

Kodi ya VAT ina mtego huohuo. Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara ni asilimia 18, lakini inahesabiwa juu ya bei kabla ya kodi. Ukinunua mzigo kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa na risiti inasoma 118,000, humo ndani VAT ni 18,000. Ukiichora risiti hiyo kwa duara, kipande cha VAT ni 18 gawa kwa 118 zidisha 360, kama nyuzi 55. Aliyezidisha 18 kwa 3.6 akapata 64.8 kachora kodi kubwa kuliko aliyolipa.

Na ile mikopo ya halmashauri ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi vingi vinaibishania bila kujua wanabishania duara gani. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Kijana anauliza, sisi tuna kipande gani? Kwenye duara la mapato yote ya ndani, asilimia 4 ni nyuzi 14.4, kikaratasi chembamba kabisa. Kwenye duara la mfuko wa mikopo peke yake, 4 kati ya 10 ni nyuzi 144, karibu nusu. Hela ni ileile, haijaongezeka shilingi. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mkutano na duara lake, kabla hujapiga makofi mwulize zima ni nini.

Kuchora kwenyewe. Omba mkebe wa mtoto anayesoma, utapata bikari na kipimapembe. Chora duara, piga mstari kutoka katikati kwenda juu kama mshale wa saa sita kamili. Weka tundu la katikati la kipimapembe juu ya kitovu cha duara, sifuri ikae kwenye mstari wako. Kipimapembe kina namba safu mbili zinazokwenda kinyume, moja inaanza sifuri kulia, nyingine kushoto. Fuata safu ambayo sifuri yake iko kwenye mstari wako, vinginevyo utapima 72 upate 108. Anza na kipande kikubwa. Ukimaliza kimoja, hamisha sifuri kwenye mstari mpya ndo upime kinachofuata. Kipande cha mwisho usikipime kwa ajili ya kuchora, chenyewe kitabaki. Kipime kwa ajili ya kukagua: kikitoka sawa na hesabu, umechora vizuri.

Kipimapembe cha kawaida kinaishia nyuzi 180. Una kipande cha 288, kama yule wa vitenge ambaye gharama ya mzigo ni asilimia 80? Toa kwenye 360, inabaki 72. Pima 72, kinachobaki upande wa pili ndo 288.

Huna mkebe? Una saa ya ukutani. Uso wa saa ni duara lililokwisha kugawanywa sehemu 60, na kila dakika ni nyuzi 6. Zidisha asilimia yako kwa 0.6 upate dakika. Duka letu la pale juu: asilimia 40 ni dakika 24, asilimia 20 ni dakika 12, 15 ni dakika 9, nyingine 15 ni 9 tena, 10 ni dakika 6. Sasa weka alama za kujumlisha: unga na sukari kuanzia juu hadi dakika ya 24, sabuni hadi ya 36, mafuta hadi ya 45, vinywaji hadi ya 54, biskuti hadi ya 60. Weka saa juu ya manila, zungushia kalamu, tia alama pembeni, toa saa, unganisha alama na kitovu. Dakika tano umemaliza, na mteja hata hajachoka kusubiri chenji.

Kurudi nyuma, kutoka nyuzi kwenda asilimia, kunafaa pale mtu anapokuletea duara lisilo na namba. Wapo mawakala wa mikopo wanakuja na kipeperushi kina duara la rangi nzuri, riba imepakwa rangi ya kijani kidogo pembeni. Toa kipimapembe, pima. Kipande kina nyuzi 90? Gawa kwa 3.6, ni asilimia 25. Basi kama duara zima ni hela yote utakayorudisha, kila 100,000 unayorudisha, 25,000 ni riba na 75,000 ndo uliyokopa. Ukipiga riba hiyo juu ya ulichokopa, 25 kwa 75, ni asilimia 33. Mwulize yeye anaitaja ipi.

Kitu kingine ambacho duara linaficha ni ukubwa wa hela. Desemba umeuza 1,200,000, Januari 600,000, ukichora maduara mawili yanayolingana, Januari itaonekana imenona sawasawa na Desemba. Andika jumla kwa namba kubwa chini ya kila duara, inatosha. Ukitaka na ukubwa uonekane, chunga: hela zikiwa mara mbili usifanye duara kuwa pana mara mbili, maana eneo litakuwa mara nne. Kutoka kitovu hadi ukingo zidisha kwa 1.4 tu. Duara la 600,000 likiwa na sentimita 5, la 1,200,000 liwe na 7. Huyo William Playfair, Mskoti anayetajwa kuwa wa kwanza kuchapisha grafu ya duara, kwenye kitabu chake cha mwaka 1801 alichora maduara ya nchi ukubwa kwa kufuata eneo la ardhi, na duara la dola ya Uturuki akalikata vipande vitatu: Asia, Ulaya na Afrika. Huyo hakuwa na kalkuleta.

Vipande visizidi sita. Ukiwa na bidhaa thelathini zipange kwa makundi. Na hasara haina kipande. Nyanya zimeoza, umepoteza 8,000 kwenye nyanya wakati vitunguu vimeingiza 20,000 na viazi 16,000. Huwezi kuchora nyuzi za kudaiwa. Hapo chora duara la faida ya vitunguu na viazi, 36,000 yote, ni nyuzi 200 na 160. Halafu kati ya hizo tia mistari mistari sehemu iliyokwenda kuziba nyanya: 8,000 kwa 36,000, nyuzi 80. Mwenye genge ataona kwa macho kwamba karibu robo ya faida ya vitunguu na viazi imelipia nyanya, na kesho sokoni atajua anunue tenga au nusu tenga.